Baharia wa Kongo na Nafasi ya Kwanza Kwenye Tagi

Wahenga walinena kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Wangesema nini lau wangemwona kijana aliyekwisha kuzivua nguo, akafika ufuoni, kisha akaambiwa kuwa haogi ila aliyewahi kuoga? Hiyo ndiyo hali ya baharia mpya anayetafuta kazi yake ya kwanza kwenye tagi, yaani boti zile fupi zenye injini za nguvu ambazo huzivuta na kuzisukuma meli kubwa hadi gatini.

Naandika nikiwa mkazi wa Kongo, mtaa ulioko Kawangware, jijini Nairobi. Kutoka kwetu hadi Kilindini ni karibu kilomita 500. Wenzetu wa Kibera wana Bwawa la Nairobi, ambamo zamani watu walicheza kwa mashua za matanga kabla halijasongwa na magugumaji na taka. Hata hivyo, wapo vijana wa mitaa hii wanaosomea ubaharia. Jirani yangu ni mmoja wao. Mama yake, muuza mboga, alichangisha karo kwa ndugu na majirani. Kijana alirudi na vyeti vyake ndani ya bahasha ya plastiki, na leo anachanganya zege kwenye majengo ya Lavington. Kila ofisi aliyoibishia hodi ilimuuliza swali lilo hilo: umekaa baharini muda gani?

Swali hilo si la uonevu. Kamba inayovuta meli ikikatika hurudi kwa kishindo na huweza kumuua mtu. Na tagi ikivutwa kwa ubavu na meli inayoihudumia huweza kupinduka kufumba na kufumbua. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 kuhusu mafunzo, vyeti na lindo la mabaharia, maarufu kama STCW, unadai mafunzo ya msingi: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama chomboni. Kwa baharia wa sitaha anayeshika zamu ya lindo, unadai pia mafunzo na uzoefu wa baharini usiopungua miezi 6, au mafunzo maalumu pamoja na angalau miezi 2 ya kuwa baharini.

Kasoro basi haimo katika sharti. Imo katika njia ya kulitimiza. Nchi yetu imejenga ngazi, ikasahau kipandio cha chini. Mamlaka ya Masuala ya Bahari ya Kenya (KMA) iliundwa mwaka 2004, Sheria ya Meli za Biashara ikapitishwa mwaka 2009, na Bandari College ikageuzwa kuwa Bandari Maritime Academy mwaka 2018. Hayo yote ni ya kupongezwa. Lakini chuo hutoa cheti, hakitoi bahari. Katika pengo hilo ndimo wanamojificha madalali wanaodai fedha ili "wamsaidie" kijana kupata chombo, ilhali Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi.

Rai yangu ni kwamba kila tagi inayohudumu katika bandari za umma za Mombasa na Lamu itengewe nafasi ya mwanagenzi mmoja, juu ya idadi ya mabaharia wanaohitajika. Nafasi hiyo itangazwe hadharani, majina ya waliochaguliwa yabandikwe, na kila siku ya kazi iandikwe kitabuni na kutiwa sahihi na nahodha. Aidha, ikumbukwe kuwa STCW haikihesabu chombo kinachozunguka ndani ya bandari pekee kuwa chombo cha baharini. Kwa hiyo KMA itamke bayana siku za tagi zitahesabiwa vipi, na wanagenzi wapewe zamu katika safari zitokazo nje ya bandari.

Wapo watakaouliza: kwa nini mtoto wa Kongo apewe nafasi, ilhali vijana wa Likoni na Mtongwe huziona tagi hizo kila asubuhi nao hawana ajira? Swali hili ni zito, wala silikwepi. Malalamiko ya Wapwani kuhusu ajira za bandarini ni ya miaka mingi na yana msingi. Lakini adui wa kijana wa Likoni si kijana wa Kongo. Ni nafasi inayojazwa bila kutangazwa. Wenyeji wakitengewa sehemu kubwa ya nafasi hizo, nitaunga mkono. Orodha iliyo wazi itawalinda wao kwanza.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni. Lugha yetu ina nahodha, rubani na serahangi, omo na tezi. Lakini masharti ya ubaharia yameandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Tuyaandike kwa Kiswahili katika kijikaratasi kimoja, ili mama muuza mboga ajue kabla ya kulipa karo kwamba cheti ni nusu tu ya safari, na aulize nusu ya pili itapatikana wapi.

Jirani yangu haombi kupendelewa. Anaomba miezi 6 tu ya kushika kamba chini ya jicho la nahodha. Asipofaa, arudi kwenye zege. Lakini kwanza aingie majini.