UKIUMIA NA GARI LA KAZI, USITIE DOLE UPESI

Ndugu Wanachama na Wanakijiji,

Msimu wa kahawa ukifika vijana wetu hupanda malori. Wengine wanapakia maganda, wengine ni utingo, wengine huenda vibarua vya barabara. Kazi ni kazi. Lakini barabara hii ya Lusahunga hadi Rusumo tunaijua wote. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana, na lori likikatika breki halichagui nani ana watoto wangapi. Leo sisemi habari ya mwendo wa madereva, hiyo imesemwa mpaka imechosha. Nasema habari ya baadaye: mtu kaumia akiwa kazini, afanyeje?

Naandika kwa sababu ya kijana mmoja wa hapa hapa kijijini, simtaji jina, wengi mnamjua. Alikuwa juu ya magunia (na hilo nalo ni kosa, gunia si kiti), gari likaacha njia, mguu ukavunjika mahali pawili. Siku ya tatu mwenye gari akafika hospitali na soda mbili, shilingi elfu hamsini na karatasi. "Weka dole hapa, ni ya kupokea pole tu." Kijana akaweka. Karatasi ile ilisema amelipwa haki zake zote na hana madai tena. Mimi kusoma nimejifunzia ukubwani, darasa la watu wazima, na kabla ya hapo nami nilikwisha tia dole kwenye karatasi nisizozijua. Kwa hiyo simcheki. Ila kilichoniuma ni kwamba tulipokuja kuzinduka na kuuliza haki yake, mwezi wa kumi na nne ulikuwa umeingia.

Kwa nini nahesabu miezi? Kwa sababu sheria inahesabu. Ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, nayo ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kazi mwaka 2015. Dai lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Zamani, chini ya sheria ya mkoloni ya mwaka 1949, mtu alipoteza mkono na fidia yake haikufika hata laki mbili. Sasa Mfuko unatoa matibabu, malipo ya muda ambao huwezi kufanya kazi, malipo ya ulemavu wa kudumu, msaada wa mazishi, na pensheni kwa wajane na watoto wa aliyefariki. Na mfanyakazi hakatwi hata senti. Anayechangia ni mwajiri.

Tena Mfuko hauanzi kwa kuuliza kosa ni la nani. Hili vijana hawalijui. Yule wetu alinyamaza kwa sababu alitishwa kwamba yeye ndiye aliyezidisha magunia. Kumbe hata dereva aliyekosea kona anaweza kudai, maadamu alikuwa kazini.

Basi siku ya ajali, kwanza roho za watu. Tokeni kwenye gari, na kama ni gari la mafuta mkae mbali kabisa, msije na ndoo. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kuteka mafuta ya lori lililoanguka, na malori kama lile yanapita hapa kwetu kila siku. Halafu gari lisisogezwe kabla polisi hawajafika, ila kama mtu amebanwa chini yake. Mgonjwa akimbizwe hospitali, mwingine afuate PF3 polisi. Wanaobaki wachukue namba ya gari, jina la kampuni ya bima, na majina ya walioona. Mwenye simu ya picha apige picha.

Hospitali mwambie mganga, "Nimeumia kazini," aandike hivyo. Watu wanasema "nimeanguka" tu, na cheti kinatoka kimeandikwa ameanguka. Huyo ameanguka wapi? Mnazini?

Kisha mwajiri apewe taarifa kwa maandishi, hata kama alikuwepo akaona kwa macho yake. Nakala ubaki nayo. Akishapata taarifa ana siku 7 za kuupelekea Mfuko habari. Akizungusha, nenda mwenyewe kwenye Mfuko au kwa Afisa Kazi wa Mkoa. Na akija na karatasi, mwambie aiache, isomwe na mtu wako kwanza. Mwenye nia njema atakubali kungoja mpaka kesho.

Sasa nigeuke nyumbani, maana si vizuri kunyoosha kidole kwa wenye malori peke yao. Ushirika wetu ni mwajiri. Una karani, una mlinzi, na msimu ukifika una wapakiaji. Je, tumejiandikisha kwenye Mfuko? Nimeuliza, sijapata jibu lililonyooka. Eti wapakiaji ni vibarua wa siku mbili tatu. Mguu uliovunjika haujui kama mwenyewe ni kibarua. Eti hela hakuna. Tangu mwaka 2022 mchango wa mwajiri binafsi ni nusu shilingi kwa kila shilingi mia ya mshahara. Ukilipa mishahara ya laki nne kwa mwezi, mchango ni shilingi 2,000. Hazizidi sana zile soda mbili alizopelekewa kijana wetu.

Kwa hiyo natoa hoja: Mkutano Mkuu wa wanachama ujao, jambo hili liwekwe kabla ya bei ya kahawa, kwa sababu tukianza na bei hatutafika huku. Ndugu Karani aje na daftari la malipo ya vibarua wa msimu uliopita, lenye majina yote. Ndugu Mwenyekiti atueleze kama lori tunalokodi lina bima, na akodishaye anawajibika kwa nani. Na yule kijana aje na karatasi yake, tuisome kwa sauti.

Katibu wa Chama,
Tawi la Kijiji