Jirani Asema ni Dakika Arobaini

Tuseme simu imelia saa kumi na moja alfajiri. Nyanya yako amefariki Mombasa na atazikwa leo leo, baada ya sala ya alasiri. Nawe uko Buruburu, Nairobi. Jirani anakutuliza: "Panda ndege, ni dakika arobaini tu."

Je, utawahi?

Jirani hakudanganya. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa Moi ni kama kilomita 420 angani. Jeti iendayo kilomita 800 kwa saa ingezimaliza kwa nusu saa na ushei. Lakini haiendi mbio hizo tangu mwanzo hadi mwisho. Sharti ipande kwanza, na ikikaribia pwani ipunguze mwendo, ishuke pole pole. Ndiyo maana hukaa angani kama dakika arobaini na tano, na tiketi ikaandika karibu saa nzima, maana saa ya shirika huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho, wala si magurudumu yanapoacha ardhi.

Hiyo ni safari ya ndege. Yako wewe ni nyingine. Kuna Outer Ring asubuhi ya Jumatatu, na wewe waijua. Kuna kushuka garini langoni ukaguliwe, kisha kukaguliwa tena ndani. Kaunta nayo hufungwa kabla ya ndege kuondoka, hata ulie machozi ya damu. Ukitua Mombasa ungojee begi (heri usibebe), halafu upite Changamwe pamoja na malori ya bandarini ndipo uingie kisiwani. Hesabu saa nne au tano, mlango hadi mlango.

Basi ndege ya saa tatu itakufikisha nyumbani kabla ya adhuhuri. Ya saa tano yafaa pia. Ya saa saba ni kubahatisha. Ikichelewa nusu saa tu, utakuta watu wanarudi makaburini. Na uisome tiketi vizuri: 13:00 ndiyo hiyo saa saba mchana.

Basi la barabarani huchukua saa nane na zaidi, kwa hivyo lisahau. Treni ya SGR, iliyoanza mwaka wa 2017, huchukua kama saa tano kutoka Syokimau hadi Miritini ikiwa haisimami njiani. Ukiipata ile ya asubuhi na nafasi ipo, hupitwi na mengi na mfuko utakushukuru. Ikiwa kwenu ni Diani, uliza ndege ya Ukunda. Hapo hungojei feri ya Likoni.

Kabla ya kulipa, mpigie mjomba umtajie ndege utakayopanda na saa itakayotua. Wazee wataweza kuamua kama watakusubiri. Ukiwaambia tu "niko njiani," hawatajua wasubiri hadi lini.