Video haisikii nyundo

Vijana wapendwa, tumewaona mkijifunza kufua bamba la shaba kwa video za simu, mkiziiga picha za shaba za Lubumbashi. Hatuwacheki. Asiye na ada hujifunza anapopata.

Ila shaba ikigongwa sana hukakamaa, na mlio wake hubadilika. Isiporudishwa motoni ikawa nyekundu hafifu ili ilainike, hupasuka. Video haisikii mlio wa nyundo yako, haiwezi kukuambia, “Acha kwanza.” Aliyeketi kando yako ndiye asikiaye.

Mbona basi hamketi kando ya mafundi? Lawama ni yetu sisi wazee. Tumewapokea vijana karakanani wafagie na kuvukuta moto, nyundo tukaishika wenyewe, tukiogopa kunyang’anywa wateja. (Hata katika ualimu tumeyaona hayo.) Kitabu cha Kutoka, 35:34, chasema kwamba Besaleli, mfua dhahabu, fedha na shaba, alijaliwa pia moyo wa kufundisha.

Viongozi wa vikundi wamwombe fundi mmoja wa parokia Jumamosi moja tu. Simu iwekwe katikati, kipande cha shaba chakavu kiwepo, na nyundo ashike kijana.