MIAKA YA NYUMBANI SI MIAKA YA WIZI

Ndugu wafanyakazi wa Malakisi, Sirisia, Chwele na hata Kitale,

Liko jambo linalotuudhi, nasi twataka kulisema wazi. Mtu aliyeacha kazi miaka mitatu au minne, akalea mtoto au akauguza mzazi, anaporudi kuomba kazi, karani wa tajiri hushika karatasi yake, hupitisha kidole kwenye miaka, kisha huuliza: "Hapa ulikuwa wapi?" Huuliza kama askari aliyemkamata mwizi. Baadaye karatasi ile hutiwa chini ya nyingine, haionekani tena. Na matajiri hao hao hulalamika kila siku kwamba hawapati watu wenye ujuzi!

Wazee wetu walilijua swali hilo. Kwa sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, akakivaa shingoni ndani ya kibati. Humo tajiri ndiye aliyeandika: siku ya kuanza, mshahara, siku ya kuachishwa. Mwenye kipande hakuwa na neno. Tajiri asipotia sahihi ya kumwachia, mtu alishtakiwa kwa utoro. Leo kalamu iko mkononi mwetu, na ajabu ni kwamba wengi wetu twaiogopa.

Wako wanaokwenda kwenye vibanda vya saiba wakaandikiwa kwamba walifanya kazi Nairobi, hali walikuwa kwao wakiuguza mama. Hiyo ni hatari tupu. Simu moja ya tajiri yavunja uongo huo, na mtu hufukuzwa hata akiwa ameshapata kazi. Hapo chama kitamtetea kwa lipi? Wengine huficha miaka yote, wakaacha pengo. Pengo nalo karani hulijaza kwa mawazo yake mwenyewe: jela, pombe, uvivu.

Andika kweli, tena kwa kifupi. "2019 hadi 2023: nyumbani, nikiuguza mzazi, mweka hazina wa kikundi cha akina mama." Mstari mmoja watosha. Mama aliyeshika daftari la fedha za wanawake ishirini bila shilingi kupotea, nani atasema hajui hesabu? Aliyechagua majani ya tumbaku kwa daraja lake, nani atasema hana jicho la kazi? Kazi za zamani nazo zitajwe kwa mwezi na mwaka, na kazi yenyewe itajwe: si "nilikuwa kiwandani", bali "nilishika mashine ya kushona magunia". Jina la ugonjwa wa mzazi, au kama utazaa tena, hayo hayamhusu tajiri. Sheria ya Ajira ya 2007 yakataza kumbagua mtu kwa ajili ya jinsia au mimba, hata wakati wa kuajiri.

Tena si wote waliotoka kwa hiari. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa 2009, watu walijikuta nje ya lango na hawakuomba kutoka. Je, pengo lile ni kosa lao?

Sasa tuje kwa matajiri. Fungu la 51 la sheria hiyo lasema kwamba mtu aliyefanya kazi majuma manne mfululizo au zaidi, akitoka apewe cheti cha utumishi: jina lake na la tajiri, siku ya kuanza, aina ya kazi na mahali pake, siku ya kumaliza. Kumnyima kwa makusudi ni hatia. Faini yake yaweza kufika shilingi 100,000, au kifungo cha miezi sita, au vyote viwili. Sheria haimlazimishi tajiri kumsifu mtu, wala sisi hatuombi sifa zake. Twadai tarehe zetu. Wangapi kati yetu wametoka mikono mitupu, wakaambiwa "rudi wiki ijayo" mpaka wakachoka?

Aliyenyimwa aandike barua ya kudai cheti chake, abaki na nakala yenye tarehe, nakala nyingine ampe mjumbe wetu wa kazini. Tajiri akizidi kunyamaza, tutakwenda pamoja naye kwa afisa wa kazi wa Serikali.