Kulwa ni Bwana au Bibi?

Hapa Bariadi ukiona jina la Kulwa au Doto katika orodha, huwezi kujua kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Wasukuma huwapa pacha majina hayo bila kubagua, na Shija azaliwaye baada yao vivyo hivyo. Kiswahili nacho hakisaidii: "amekuja" ni yeyote. Sisi makarani ndio tusumbukao, maana twapenda kila kisanduku kijazwe.

Siku hizi vikundi vya akiba na vya wakulima wa pamba vina makundi ya simu. Je, yafaa kila jina liandikiwe ME au KE?

Daftarini yafaa sana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na watu 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Usipoandika, utahesabuje? Wanawake wataachwa nje kimyakimya.

Lakini daftari hufungiwa kabatini, na orodha ya simu husomwa na wote, pamoja na namba. Mama aliyejiunga kwa ajili ya bei ya pamba aweza kupigiwa saa tano za usiku na mtu asiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo yataka taarifa itumike kwa kazi iliyoombewa.

Basi katibu na ahesabu daftarini, na kabla ya kuandika simuni amwulize mwenyewe. Ni kazi ya mkutano mmoja, na vikundi vingi vya akiba hukutana kila juma.