Nanyuki Mlima Uko, Baiskeli Ziko, Shida ni Geti

Wasee, tuongee ukweli. Ukiwa Nanyuki, Mlima Kenya uko hapo tu, unauona ukinunua mutura. Lakini kuuendesha baiskeli si rahisi vile Instagram inakuonyesha. Na shida hata si bei ya baiskeli. Shida ni geti.

Cheki vile mambo yamekaa. Kule juu ni mbuga ya KWS, unalipa ndio uingie. Chini yake kuna msitu wa serikali, huo unasimamiwa na KFS. Ukishuka zaidi unakutana na ranchi, hifadhi za wenyewe na fensi ya stima. Asubuhi moja tu unaweza pitia kwa wenyewe watatu, kila mtu na sheria yake. Halafu kuna mwenye nyumba wa nne, ndovu. Wao wako na njia yao ya kilomita 14 kutoka mlimani hadi Ngare Ndare, inapita chini ya barabara ya Nanyuki–Meru. Ukipatana na mmoja kwa kona, breki haitakusaidia. Kwa hivyo mimi sisemi mageti yafunguliwe ovyo ovyo.

Kuna mbio za 10to4, ambazo huchangia Mount Kenya Trust pesa ya kulinda mlima. Hiyo ni poa kabisa. Lakini ruhusa ya mbio ni ya mbio. Wikendi ikiisha, boy wa Likii ama Majengo mwenye mtumba wa gia tano anabaki na lami na malori.

Sasa hapa ndio watu hulala. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu jamii kuunda chama, ile CFA, na kuandikiana makubaliano na KFS. Watu wengi hudhani CFA ni ya kuni, asali na malisho pekee. Wapi! Utalii na burudani pia ziko kwa hiyo orodha. Baiskeli inaingia hapo bila kusukumwa. Mbuga ya KWS ni story tofauti, lakini msitu wa chini ndio wenye vile vijia vitamu.

California walipitia hii kitu. Wapanda baiskeli walianza kufungiwa njia, vilabu vikaungana 1988 vikaunda IMBA. Hawakuenda kupigana na maranja, walienda kukaa nao na kuchukua majembe watengeneze njia.

Na usiseme hiyo ni ya wazungu, juu Karura iko Nairobi. Friends of Karura ni CFA, na baiskeli zinaruhusiwa huko. Mwaka wa 2025 KFS iliposema malipo yote ya kuingia yapitie eCitizen, hao wasee walipinga wakiwa na makubaliano mkononi. Unaweza wakubali ama uwakatae, lakini ilibidi wasikizwe.

Kesho geti la huku Nanyuki likifungwa, nani ataongea? Grupu ya WhatsApp? Hiyo haina sahihi kwa karatasi yoyote. Mnafaa kujisajili kama kikundi ndani ya CFA ya msitu wenu, na njia za baiskeli ziandikwe kwa mpango wa msitu: ni zipi, masaa gani, na zipi mnawaachia ndovu. Mikutano ni mirefu na chai huwa imepoa, najua. Lakini mfuga nyuki aliketi hapo, na leo ako ndani na mizinga yake. Sisi bado tuko nje ya geti tukijaza tairi upepo.