ANAYENGOJA GARINI NAYE YUMO KAZINI



Iko amri inayotembea siku hizi kati ya wenye magari ya kukodi na wenye magari ya maofisi, nayo ni hii: gari la stima likisimama, dereva azime kila kitu, hata kiyoyozi, ati chaji isipotee. Abiria ashuke aende zake, dereva abaki ndani kama mkate tanurini. Abiria akionekana anarudi, hapo kiyoyozi kiwashwe mbio, bwana asije akasikia joto. Hatutaji jina la tajiri yeyote, kwa kuwa amri hii si ya mmoja. Lakini twasema wazi kwamba ni amri mbaya, haina hesabu wala haki.

Mtu atauliza: watu wa reli yawahusu nini magari ya stima? Yatuhusu. Tangu treni ya Madaraka Express ianze kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, kila treni inayofika ina madereva wanaoingoja. Treni ikichelewa saa moja, na wao wamechelewa saa moja, juani. Tena magari haya yanazidi. Mwaka 2018 teksi za stima zilianza Nairobi, mwaka 2022 yakaja mabasi ya stima, na leo pikipiki za namna hiyo ziko kila pembe. Dereva wa magari haya ni mfanya kazi kama sisi. Umoja wa wafanya kazi ukiishia pale reli inapoishia, huo si umoja.

SABABU IMEKUFA, AMRI IMEBAKI

Tuanze na haki ya wazee. Amri ya kuzima injini gari likisimama ilikuwa na maana katika gari la petroli. Katika gari hilo kiyoyozi huzungushwa na injini, kwa hiyo ukitaka hewa baridi lazima injini ingurume. Ikinguruma bila kwenda inakula mafuta bure, inachakaa, na inatoa moshi. Ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Watu wamekufa usingizini ndani ya gari linalonguruma katika banda lililofungwa. Basi aliyesema "zima" alisema neno la busara.

Lakini gari la stima halina injini ya kunguruma. Kiyoyozi chake huzungushwa na mota ndogo inayopata nguvu katika betri kubwa iliyo chini ya sakafu. Gari linaweza kusimama kimya, magurudumu hayaendi, hakuna moshi hata kidogo, na hewa ndani ikawa nzuri. Sababu zile za zamani zimekufa zote. Tajiri amenunua gari jipya, lakini amri ameichukua katika gari kuukuu.

Sisi wa reli jambo hili si geni kwetu. Mabehewa ya zamani yalikuwa na dainamo iliyozungushwa na ekseli, na masanduku ya betri chini ya behewa. Treni ikienda, dainamo ilitia betri nguvu. Treni ikisimama, dainamo ilisimama, lakini taa za abiria ziliendelea kuwaka kwa betri. Waliotengeneza mabehewa hayo walijua kwamba treni kusimama hakumfanyi mtu aliye ndani asiwe mtu. Kama behewa la zamani lilijua hivyo, gari la leo lashindwa nini?

JOTO HALINA HURUMA

Wako wanaosema, "Joto kidogo halimwui mtu." Haya, tutazame. Mwaka 2005 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walichapisha majaribio yao katika jarida la Pediatrics. Walipima joto ndani ya gari lililofungwa, likiwa juani. Kwa wastani joto la ndani lilipanda nyuzi 22 za Selsiasi kwa saa moja, na asilimia 80 ya kupanda huko ilikuwa katika nusu saa ya kwanza. Hata siku ambayo nje kulikuwa na nyuzi 22 tu, ndani ya saa moja gari lilifika nyuzi 47. Nyuzi 22 ni hali ya hewa ya Nairobi watu wakiwa bado na sweta. Mombasa mwezi wa Februari na Machi, mchana nje hufika nyuzi 32 au 33. Jumlisheni wenyewe.

Mwili wa mtu ukifika nyuzi 40, hapo si jasho tena. Ni kuchanganyikiwa akili, kuzirai, na kufa akikosa kusaidiwa upesi. Mtoto mdogo ni hatari zaidi, kwani mwili wake hupata joto upesi mara tatu hata tano kuliko wa mtu mzima. Basi tusimfikirie dereva peke yake. Mfikirieni yaya aliyeambiwa abaki garini na mtoto wakati mama anaingia benki. Mfikirieni mgonjwa anayengoja dawa iletwe, na mzee asiyeweza kutembea. Hao wote ni abiria wa gari lililosimama.

Tena wale walioambiwa, "Shusha kioo kidogo." Madaktari wale wale walijaribu, wakaona kioo kilichoshushwa kidogo hakizuii joto kupanda. Na kioo kikishushwa chote, mijini mwetu ni kumkaribisha mwizi, na usiku Pwani ni kumkaribisha mbu.

HESABU YA TAJIRI NA HESABU YETU

Tajiri anapenda hesabu. Vema, nasi tulifundishwa kujumlisha na kutoa.

Gari dogo la stima kama Nissan Leaf huweza kuwa na betri ya yuniti 40. Kulipoza gari lililokwisha kuwa tanuri hutaka nguvu nyingi mwanzoni, lakini likiisha poa, kulidumisha hivyo hutaka kama yuniti moja kwa saa, mara nyingi hata chini ya hapo. Basi tuseme dereva amengoja saa tatu, na tumwongezee tajiri kwa ukarimu: yuniti nne. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2023 kwa magari ya stima, yuniti moja ilikuwa shilingi 16, na shilingi 8 saa za usiku ambazo matumizi ni machache, kodi na makato mengine mbali. Yuniti nne kwa shilingi 16 ni shilingi 64. Kwa bei ya usiku ni shilingi 32. Hiyo ndiyo bei ya mtu kupumua saa tatu.

Sasa gari la petroli. Likisimama huku injini yanguruma na kiyoyozi kinafanya kazi, hula karibu lita moja kwa saa. Mwaka 2025 lita moja ya petroli Nairobi ilikuwa kati ya shilingi 170 na 190. Saa tatu ni zaidi ya shilingi 500. Basi tajiri aliyehama petroli akaingia stima amekwisha kupunguziwa gharama kubwa, na gharama hiyo anaiokoa kila siku, gari likienda na likisimama. Twauliza: katika faida yote hiyo, hakuna hata shilingi 64 ya kumwekea mtu wake hewa? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliye katika ofisi yenye kiyoyozi hamjui aliye juani.

Atajibu: "Si fedha tu. Chaji ikipungua gari litakwama njiani." Hili ni neno la kweli kidogo, nasi hatulifichi. Yuniti nne ni safari ya kilomita 20 na zaidi. Lakini betri ya yuniti 40 iliyopungua nne ina 36 bado. Kazi ya kupanga safari na mahali pa kutia chaji ni ya yule anayetoa amri za safari. Sisi katika reli hatuwaambii abiria wazimiwe taa kwa sababu karani hakuhesabu vizuri. Kama chaji haitoshi safari pamoja na kungoja, basi chaji haitoshi kazi hiyo. Iongezwe.

Atajibu tena: "Ashuke akae chini ya mti." Mahali penye mti, na dereva akiwa na ruhusa, ni vema. Lakini ni tajiri huyo huyo aliyemwambia asiliache gari, na kikipotea kitu akatwe mshahara. Mtu hawezi kuamriwa kukaa ndani na kuamriwa kukaa nje kwa wakati mmoja.

MBWA AMEFIKIRIWA

Msione kwamba tunaomba jambo lisilowezekana. Mwaka 2019 kampuni ya Tesla ya Marekani ilitia katika magari yake mpango wa kuacha kiyoyozi kikifanya kazi baada ya dereva kushuka na kufunga milango, kwa ajili ya mbwa aliyebaki ndani. Skrini ya ndani ya gari inaandika joto la humo ndani ili wapita njia wasije wakavunja dirisha kumwokoa. Hatumwonei mbwa wivu. Twasema tu kwamba ikiwa mbwa wa Marekani amefikiriwa hivi, dereva wa Kenya hastahili kufikiriwa baada yake.

YAFAA KUJUA

Ndugu madereva, haki bila maarifa ni nusu haki. Gari la stima lina betri mbili: ile kubwa ya kuliendesha, na ndogo ya volti 12 ya taa na redio. Katika magari mengi kiyoyozi hakipozi kitu mpaka gari liwe limewashwa kabisa, hata ile taa ya kuonyesha kwamba li tayari kwenda ionekane. Mkibonyeza bila kukanyaga breki, huenda mkapata feni na redio tu, upepo wa moto utawapuliza, nanyi mtakuwa mnaimaliza betri ndogo. Ikiisha hiyo, gari haliwaki hata kama kubwa imejaa. Kwa hiyo liwasheni kabisa, gia iwe katika alama ya kusimama, na breki ya mkono ifungwe.

Zuieni jua lisiingie kwa vioo, egesheni kivulini mkipata, na msiweke baridi ya kupita kiasi. Nyuzi 24 au 25 zatosha, na chaji itadumu.

Tena jueni kwamba baadhi ya magari huzima kiyoyozi yenyewe dereva akishuka na kufunga mlango, na yale yenye mpango wa kukiacha huweza kukikata chaji ikishuka sana. Kwa hiyo mtoto asiachwe peke yake garini hata dakika moja kwa kutumainia mashine. Awe na mtu mzima anayejua kufungua mlango na kuwasha gari.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya hali nzuri ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi aangalie usalama, afya na ustawi wa watu wanaofanya kazi hapo, na mahali pa kazi katika sheria hiyo si kiwanda na ofisi peke yake, bali hata chombo au kitu ambamo mtu yumo kwa kazi. Gari la dereva ni mahali pake pa kazi, likienda na likisimama. Anayengoja hapumziki. Anangoja kwa amri.

Basi haya ndiyo twataka yaingie katika mapatano ya madereva na matajiri wao:

1. Mtu yeyote akiwa ndani ya gari la stima lililosimama, kiyoyozi kisizimwe kwa amri ya kuokoa chaji.

2. Chaji ya kungoja ihesabiwe katika kazi ya siku, wala isikatwe katika mshahara au malipo ya dereva.

3. Kila dereva afundishwe namna ya kuacha kiyoyozi kikifanya kazi katika gari analopewa, na namna kinavyoweza kuzimika chenyewe.

4. Viwanja vya kungojea viwe na kivuli, maji ya kunywa na choo, na mahali pa kutia chaji.

5. Dereva asiadhibiwe kwa kujiwekea hewa, yeye au abiria aliyebaki naye.

Ndugu wa reli, mkimwona dereva uwanjani ameloa jasho ndani ya gari jipya lisilotoa moshi, mwambieni haya. Msomeeni hesabu ya shilingi 64. Mwambieni asiende peke yake kwa tajiri, aende na wenzake, kwani mmoja huitwa mkorofi na ishirini huitwa wafanya kazi. Haki ya kwenda choo, haki ya kupumzika, haki ya kofia na buti, zote zilianza kwa watu kusema kwamba jambo dogo si dogo kwa anayelipata kila siku.

Umoja ni nguvu.